Dizeli ya Dafin

Simu ililia Desa akiwa zizini anakamua, kwa hiyo aliyeipokea ni mama mkwe wake, Stoyna, bibi wa miaka themanini na moja ambaye hushika simu mbali na sikio kama kitu kinachoweza kumng'ata. Aliyepiga alikuwa mke wa Rangel, mwanawe mkubwa, kutoka hospitalini mjini Plovdiv. Hakupindisha maneno.

"Mama, ukitaka kumkuta macho yakiwa wazi, njoo leo. Usiku kucha ameita jina lako. Mimi niko hapa kando ya kitanda, haniiti mimi."

Stoyna aliirudisha simu mahali pake. Akaenda kabatini, akavaa gauni jeusi, akajitazama kwenye kioo, akalivua mbiombio kama linamuunguza. Jeusi ni la msiba, na mwanawe alikuwa bado hai. Akavaa la bluu, akafunga kitambaa kichwani, akaketi mlangoni na mkoba wake mapajani kusubiri apelekwe.

Wa kumpeleka alikuwa Velko, kitinda mimba wake na mume wa Desa, mwenye gari la mizigo la dizeli ambalo kijiji kizima kilimcheka nalo. Walisema siku likizimika moja kwa moja, yeye na gari watazikwa kaburi moja. Velko hucheka nao, maana hao hao ndio humjia kuomba awabebee viazi, mbao na mbuzi wa kuuza. Majira ya baridi hulilaza zizini, ubavuni mwa ng'ombe, lipate joto la wanyama, na harufu ya samadi hailitoki hadi kiangazi.

Asubuhi hiyo liliwaka mara ya kwanza tu alipozungusha ufunguo. Velko aliupiga usukani kofi la mapenzi.

"Umeona, mama? Hata lenyewe linajua linakwenda wapi."

"Linajua," Stoyna alisema, akajipigia ishara ya msalaba. "Twende, mwanangu, tusikae kulisifu."

Tenki lilikuwa limejaa. Jana yake Velko alikuwa amenunua dizeli kwa Dafin, dereva wa trekta la msituni, ambaye huweka mapipa ghalani kwake na kuuza kwa bei nafuu kuliko kituo cha mafuta cha bondeni. Dafin ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndoa ya Velko na Desa. Msimamizi kwao ni zaidi ya ndugu. Ndiye aliyewapa majina binti zao wawili, ambao sasa wote wanaosha vyombo Uhispania, na Velko hakuwahi kupita mbele ya mlango wake bila kuingia kunywa kitu.

Njia ilikuwa nyeupe tupu kwa theluji. Gari lilipanda likinguruma vizuri, Desa katikati, bibi dirishani, blanketi moja limewafunika magoti wote wawili. Stoyna alikuwa akihesabu mambo ya kumwambia Rangel: kwamba yule ng'ombe wa madoa kazaa, kwamba mplamu wake haukuanguka kwenye dhoruba. Alikuwa kama amechangamka. Mtu akimwona angedhani anakwenda kumtazama mjukuu aliyezaliwa.

Karibu na kilele cha mlima injini ikakohoa. Velko akakanyaga mafuta, ikakohoa tena, ikapoteza nguvu, ikawa kama inavuta pumzi isiyopatikana. Alifanikiwa kulikokota hadi uwanja wa mgahawa wa Salih, pale pale likazima.

"Nini?" aliuliza Desa.

"Njaa. Dizeli haifiki."

Alifungua boneti. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, akabonyeza pampu ya mkono. Badala ya mafuta yakatoka mapovu mawili matatu, basi. Akabonyeza tena. Safari hii mpini ulishuka na haukurudi juu, ukabaki chini umenyonywa. Hilo hakuhitaji kuambiwa na fundi: njia imeziba huko nyuma, kati ya tenki na pampu.

"Imeganda," alisema. "Dizeli imeshikana kwa baridi. Nusu saa tu, naipasha moto, tunaondoka."

Desa aliijua nusu saa ya mumewe kwa miaka mingi. Hakubishana. Alimwingiza bibi mgahawani karibu na jiko la kuni, kisha akatoka nje kimyakimya akampigia Dafin simu, aje na trekta. Basi la kijijini halikuwa limepanda tangu theluji ianguke, na gari la Salih lilikuwa limekwenda na mwanawe kuuza jibini.

Dafin alifika akiwa bado na mabua ya nyasi kavu kwenye sweta, ishara kwamba aliacha alichokuwa akifanya. Alimkuta Velko kapiga magoti kwenye theluji, mkononi glasi ya chai ya Salih, anakinga kinachochuruzika kutoka chini ya filta.

"Velko, pole. Mama yuko wapi? Nimetandika ngozi ya kondoo kwenye kiti cha—"

"Hebu tazama hii kwanza."

Velko aliinua glasi. Juu palikuwa na dizeli, ya manjano. Chini yake, zaidi ya nusu ya glasi, palikuwa na kitu kiangavu kama machozi ya mtoto, na vipande vidogo vya barafu vikielea kwenye mpaka wa viwili hivyo.

Salih alikuwa ametoka na birika. Wakata miti wawili waliokuwa wakinywa ndani nao wakatoka, kwa kuwa hakuna starehe kubwa mlimani kuliko kumtazama mwenye gari bovu.

"Salih, wewe mtu wa kusali, huwezi kusema uongo. Chini humu ni nini?" Velko aliuliza.

Salih alitazama glasi, akamtazama Dafin, akatamani angebaki ndani. "Maji," alisema.

"Maji! Jana nimejaza tenki. Kwa nani? Kwa msimamizi wangu. Nimempa hela yangu taslimu, kanijazia maji!"

"Velko," Dafin alisema polepole, "usiseme neno ambalo kesho utashindwa kulimeza."

Akaenda kwenye trekta lake, akafungua tundu la chini la filta yake, akakinga kwenye glasi nyingine. Ilitoka dizeli tupu, safi, ya manjano kuanzia juu hadi chini. Akawaonyesha wote.

"Pipa moja. Mimi na wewe tumekunywa pipa moja."

"Ya kwako umejiwekea safi. Ya kuuza ndiyo umeongeza maji, lita zitimie."

Mmoja wa wakata miti akacheka. "Ndiyo maana trekta lake halizimiki kamwe!" Mwenzake akaongeza kwamba mwaka ujao Dafin ataanza kuuza theluji kwa kilo.

Dafin uso ulimwiva hadi masikioni. Alikuwa mtu wa hamsini na kitu, mwili mkubwa, asiyejua kujibu haraka. Alichofanya ni kumwaga ile dizeli yake safi kwenye theluji na kurudisha glasi kwa Salih kwa heshima, kama mgeni.

"Sawa. Mimi mwizi. Haya, mpandishe mama. Kwa trekta tutafika barabara kuu kabla basi la Plovdiv halijapita. Tutagombana baadaye."

Stoyna alikuwa amesimama mlangoni mwa mgahawa, mkoba mkononi. Kelele zote alikuwa amezisikia. Alipiga hatua moja kuelekea trekta.

"Twende tu, Velko. Rangel ananisubiri."

"Mama yangu hapandi trekta la mtu aliyetukwamisha!" Velko alipiga kelele, na hapo hakuwa akimwambia mama yake wala Dafin, alikuwa akiwaambia wale wakata miti. "Nimeshajua tatizo liko wapi. Nusu saa!"

"Kiburi chako kibaki hapa na gari lako, mama apande!" Desa alimvuta mkono. "Velko! Huna akili?"

"Nimesema nusu saa."

Stoyna alimtazama mwanawe mdogo, kisha akamtazama Dafin kwa macho ambayo hajawahi kumtazama nayo, yeye aliyemlisha mkate kwa mkono wake tangu akiwa hajui kuvaa viatu. Akageuka, akarudi ndani. Dafin akapanda trekta lake na kushuka peke yake, ile ngozi ya kondoo ikiwa kwenye kiti.

Velko alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Alilala chali chini ya gari, akafunga vitambaa kwenye paipu ya dizeli inayopita chini ya sakafu, na Desa akawa anamletea birika kwa birika la maji ya moto kutoka kwa Salih. Maji yakimwagika yalimwingia shingoni yakapoa humo humo. Akaichomoa paipu mbele, akaweka mdomo, akapuliza kuelekea tenki hadi mishipa ikamtoka. Kwanza hakikupita kitu. Kisha kukasikika mlio mdogo wa barafu kuachia, na hewa ikaenda, lakini kidogo, kwa shida, kama inapita kwenye kitambaa.

"Kuna kitu kingine tenkini," alisema. Vidole vilikuwa haviwezi tena kushika spana. Desa ndiye aliyefungua boliti ya mwisho.

Velko alivuta juu lile bomba fupi linalonyonya dizeli kutoka chini ya tenki. Mwishoni mwake kuna kichujio cha waya, kidogo, saizi ya kidole gumba. Kichujio kilikuwa kimevaa kitu cheusi kilichonyonywa kikashikamana nacho kabisa. Velko alikibandua kwa ukucha. Jani. Chini yake jingine, na kijiti ambacho bado kimezungushiwa uzi mwekundu.

Alikinusa. Dizeli ilikuwa juu ya kila kitu, lakini chini ya dizeli harufu ile haikufichika. Mrehani.

Hapo Velko alikaa kitako kwenye theluji. Mrehani na uzi mwekundu havimo katika mapipa ya Dafin. Vimo katika chupa ambayo kila nyumba huleta kutoka kanisani siku ya kubariki maji, mwezi huu wa Januari, kasisi akishachovya shada lake la mrehani na kuwarashia watu. Kila mwaka mama yake huyarashia kwa vidole mlango, mizinga ya nyuki, ng'ombe mmoja mmoja. Watu humpa mgonjwa kijiko kimoja. Hakuna aliyewahi kusikia yakitiwa kwenye tenki la gari.

"Umeona nini, mwanangu?" Stoyna alikuwa ametoka, amejifunika blanketi. Alikuwa hawezi tena kukaa ndani.

Velko alifumba kiganja. "Uchafu, mama. Uchafu tu."

"Usivunjike moyo. Gari hili halitatuacha." Aliinama, akamshika bega, akashusha sauti kama mtu anayetoa habari njema aliyoiweka kwa muda. "Sikutaka kukuambia, wewe na Desa mngenicheka. Siku ile Rangel alipolazwa, nilikwenda zizini nikalitilia maji ya baraka. Chupa nzima, pale unapotilia mafuta wewe, na mrehani wake. Nikasema, Mungu, siku nitakayokwenda kwa mwanangu, hili lisinikwamishe."

Desa alikuwa ameshika birika. Liliinama mkononi mwake, maji ya moto yakamwagikia viatu vyake, wala hakusogea. Mume na mke walitazamana. Katika ndoa yao yote hawakuwahi kukubaliana haraka hivyo.

"Umefanya vizuri, mama," Velko alisema.

"Ee?"

"Umefanya vizuri sana. Rudi ndani, utapata baridi. Linawaka sasa hivi."

Alikitupa kile kijiti mbali, akasafisha kichujio kwa pindo la shati lake. Alirudisha bomba, akafunga paipu, akakaza klipu. Akamwaga maji yote ya filta. Kisha akarudi mbele, akalegeza skrubu, akaanza kupampu kwa mkono, na alipokuwa akipampu machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye injini, anayafuta kwa mkono wenye grisi hadi uso ukawa mweusi. Mapovu yakatoka. Yakaendelea kutoka. Kisha yakapungua, dizeli ikaja nzito, isiyo na hewa. Akakaza skrubu. Akazungusha ufunguo, injini ikasota, ikasota, ikashika silinda moja, ikashika mbili, moshi mweupe ukafunika uwanja mzima, na gari likanguruma.

Stoyna alipiga makofi mlangoni. "Si nimewaambia! Si nimewaambia mimi!" Alicheka kwa sauti, akaanza kuja mbiombio na mkoba wake, akiteleza teleza, na Salih akimkimbilia amshike mkono.

Simu ilikuwa mfukoni mwa Desa. Kwa ngurumo ile hakuisikia, aliihisi ikitetemeka tu. Akaiweka sikioni, akaziba sikio la pili kwa kidole. Velko alimwona akisikiliza. Basi la Plovdiv, lile ambalo wangelipanda, wakati huo lilikuwa limeshafika mjini zamani. Desa alishusha simu, akatikisa kichwa mara moja.

Bibi alikuwa ameshapanda, amejifunika magoti, anawaita. "Mbona mnasimama? Ingieni, twende!"

Walimleta Rangel nyumbani kwa gari lile lile. Kwenda na kurudi halikukohoa hata mara moja. Stoyna alikaa nyuma kando ya jeneza, alikataa kukaa mbele, na muda wote maneno yake yalikuwa mamoja: "Dafin kaninyima mwanangu. Dafin. Nilimlisha kwa mkono huu."

Kijijini habari ilikuwa imewatangulia. Wakata miti wana midomo. Mtu wa kwanza aliyekuwa na madumu kwa Dafin alikuja kuyachukua yakiwa matupu, hakusema sababu.

Velko alikwenda kwa Dafin kabla hata ya kubadili nguo. Alimkuta ghalani, anapanga mapipa ambayo hayakuhitaji kupangwa. Alimweleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi: mrehani, uzi, chupa, na yale maneno ya mama yake. Dafin alisikiliza bila kugeuka.

"Kesho kaburini nitasema mbele ya watu wote," Velko alimaliza. "Nitasema nilikusingizia."

"Utasema maji yalikuwa ya nani?"

Velko aliizungusha kofia mkononi.

"Ukisema si yangu, atauliza ni ya nani. Mama yako si mjinga. Atakaa chini, atafikiri, na kabla ya chakula cha msiba kuisha atakuwa amejua." Dafin aligeuka. Macho yalikuwa mekundu. "Aliitia chupa nzima?"

"Nzima."

"Mungu wangu." Alijikalia juu ya pipa. "Ana umri gani sasa?"

"Themanini na moja."

"Basi ni yangu. Maji ni yangu. Utasema hivyo hivyo, na mimi nitasema hivyo hivyo."

"Dafin, hakuna atakayenunua kwako tena."

"Najua. Mke wangu keshanililia kuhusu hilo asubuhi." Alijifuta uso kwa kofia. "Lakini nikuambie na wewe. Mimi si malaika. Hili nalifanya kwa ajili yake. Wewe nilikuambia umpandishe mama kwenye trekta, ukakataa kwa kuwa watu wanatazama. Hilo si la maji, wala si la mama yako. Hilo kalibebe mwenyewe."

Velko alivaa kofia yake akatoka. Kwa mara ya kwanza tangu aoe alitoka katika ua ule bila kukaribishwa kinywaji.

Siku ya mazishi upepo ulikuwa mkali, mishumaa haikubaki ikiwaka. Watu walitupa kila mmoja udongo wake, ulioganda, ukagonga mbao kwa sauti mbaya. Kisha Stoyna, sasa katika gauni jeusi, akachukua bakuli kubwa la ngano iliyochemshwa kwa sukari, akaanza kugawa. Alimkataza Desa asimsaidie. Alikwenda mtu kwa mtu, kijiko kwa kijiko, kila mmoja akikinga kiganja, akisema, "Mungu amsamehe Rangel," na kula papo hapo, kwa maana ngano ya marehemu haiachwi na hainyimwi mtu. Hata mlevi anayepita njiani hupewa. Salih alikuja kutoka kileleni, akakinga na akapewa.

Dafin alisimama karibu na mwisho wa mstari, kichwa wazi. Watu walikuwa wameacha nafasi kila upande wake. Stoyna alipomfikia alisimama.

"Nisamehe, bibi Stoyna," Dafin alisema, kwa sauti iliyosikika hadi getini. "Ilikuwa dizeli yangu."

Velko alifungua mdomo. Desa alimshika mkono wa koti, akauvuta kwa nguvu hadi mshono ukalia.

Bibi alimtazama Dafin kutoka juu hadi chini. Bakuli lilikuwa bado na ngano. "Wewe hapana," alisema, akampita, akaenda kumpa mwanamke aliyesimama nyuma yake.

Dafin alibaki na kiganja wazi, upepo unapita juu yake. Watu wote walikuwa wakimtazama. Kisha, taratibu, akakipeleka kiganja kile kitupu mdomoni, akatafuna, akameza.

"Mungu amsamehe Rangel," alisema.